Ufunguo wa Kuiamsha Kompyuta

Miaka ya sabini ikielekea ukingoni, ofisi yetu ya mradi wa maji ya Usangu, pale Mbeya, ililetewa kompyuta. Tulikuwa makarani wawili wa hesabu: mimi, mkongwe wa ofisi, na dada mmoja kutoka Igowole aliyekuja juzi tu. Mtaalamu wa kigeni akampa yeye ufunguo wa kuiwasha. Roho iliniuma vibaya sana, sifichi.

Kila asubuhi dada alivua sweta, akazungusha ufunguo, akapandisha na kushusha swichi. Mashine ilisoma kutoka kwenye diski programu kubwa inayotawala nyingine zote. Hiyo kubwa haikumhudumia mtu. Kwanza iliitafuta diskini, kwa jina lake, programu moja ndogo na kuianzisha kwa mkono wake yenyewe, maana hapakuwa bado na nyingine ya kuizaa. Ndogo hiyo ndiyo iliyoamsha mashine zetu tatu za kuchapia zilizounganishwa na kompyuta, na kazi zote za siku zikazaliwa kwake. Zikianza kugonga, wakubwa walimpongeza dada kana kwamba ameleta mvua. Mimi nilichemka.

Ijumaa moja aliwahi kutoka, akaniachia kazi ya kuzima. Nilikwisha kujifunza kwa kumchungulia; nilibadilisha herufi moja diskini katika jina la ile programu ndogo, kisha nikazima kama kawaida.

Jumatatu taa ziliwaka zote, lakini mashine za kuchapia zilikaa kimya. Programu kubwa iliitafuta ndogo kwa jina lake, haikuipata, ikaganda hapo hapo. Dada alirudia mara nne, jasho likimtoka katika baridi ile ya Mbeya. Mtaalamu akakasirika, akamnyang'anya ufunguo, akanipa mimi.

Nikawasha kwa diski ya akiba, nikaifungua ile ya kawaida, nikaenda moja kwa moja kwenye lile jina na kulirekebisha. Dakika kumi hazikufika. Wakubwa wakanipigia makofi.

Dada alisubiri watoke.

"Mimi nimehangaika weee," akasema. "Sasa wewe kaka, umejuaje kama ni herufi ile?"

Nilisema nimebahatisha. Akaniangalia, akavaa sweta lake, akaenda mezani kwake kujumlisha vipimo vya mto kwa kalamu. Hakumwambia mtu, siku ile wala baadaye. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni, na bado nilimwonea wivu.