Treni ya Mjambere Isiyo na Dereva

Kuajiriwa kwangu kulitegemea mkutano mmoja Mjambere, wa kuwaeleza wakazi wa nyumba mpya mpango wa treni isiyo na dereva. Wiki nzima niliwaza kwamba maneno “bila dereva” yangewatisha, waseme inaendeshwa na majini. Basi mkutanoni nikasema, “Treni hii itaendesha yenyewe kutwa, bila kukoma.”

Bibi mmoja akauliza kwa upole, “Maskini. Mushaipa maji ya chumvi na sukari, mwanangu?”

Nikadhani ni ushauri wa kiufundi. Nikamshukuru, nikaandika kwenye ripoti: maji ya chumvi na sukari, kwa ajili ya injini.

Kesho yake mkubwa wangu, mzaliwa wa huko huko Pwani, Kisauni, aliisoma mbele ya ofisi nzima, akavua miwani.

“Bwana mdogo,” akasema, “umewaambia watu treni yetu inaharisha.”