Maua Niliyoyala Doha

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni, mwanangu, na mjukuu akiniuliza nacheka nini namwambia nyamaza ule. Ni siku niliyokaribia kumkosesha mzee wa watu harusi ya binti yake, kwa ajili ya mboga.

Wewe unayekwenda Doha sasa utakuta bustani karibu kila mtaa, zenye njia za kukimbilia na nyasi unazoweza kukanyaga bila viatu. Sisi wa miaka ile ya elfu mbili na kitu tulikuta chache. Karibu na Corniche, ile barabara ya ufukweni, kulikuwa na bustani kongwe, ile waliyokuja kuifunga baadaye, wakaichimba na kuifungua upya ikiwa kubwa zaidi. Kwingineko ilikuwa mchanga na ujenzi tu. Mimi niliwekwa mlinzi kwenye geti la bustani mpya, miti yake mifupi kuliko mimi, na unanijua nilivyo mfupi. Siku zilizotengewa familia tuliwarudisha wanaume waliokuja peke yao. Sikuipenda kazi hiyo hata kidogo, maana wengi walitoka kwenye vyumba vya watu wanane na walitaka tu kuona kitu cha kijani.

Basi baridi ilipoingia, watunza bustani wakapanda maua. Nikasogea kuangalia. Mwanangu, ilikuwa sukuma wiki! Sukuma ya zambarau na nyeupe, majani yamejikunja, imepangwa duara kuzunguka chemchemi. Mimi ni mtu wa mashamba ya Kinangop. Kwetu sukuma huliwa na watu, ikizidi hupewa ng'ombe. Nikaona hawa hawajui walicho nacho, nikaanza kuchuma. Nilichuma kwa adabu, majani ya chini tu, kama mama alivyonifundisha.

Chumbani kwetu, mtaa wa Najma, nilikaa na Nakato, msichana wa Kampala mwenye mdomo. Akainua jani moja kwenye taa.

"Wewe, hii sukuma inakaa ya harusi! Umeitoa wapi?"

"Nina mtu wangu," nikasema kwa maringo.

Tukaikaanga na nyanya, tukala na ugali Ijumaa tatu mfululizo, majirani wakigonga mlango na sahani zao. Nilijiona mama wa Doha nzima.

Lakini sukuma ukiichuma chini inabaki shingo. Wiki ya tatu lile duara lilisimama kama mbuni, shingo tupu na kishungi juu. Msimamizi wetu, Msudani mkali, akamwita Mzee Harun, Mbangladeshi aliyeipanda, wakasimama pale pale getini kwangu. Akamwambia ameharibu mimea kwa uzembe, na likizo yake ya mwezi ujao imefutwa. Mzee alikuwa hajafika kwao kwa miaka minne, na binti yake alikuwa anaolewa. Sote tulijua, picha ya bwana harusi alishatuonyesha mpaka tukaichoka. Hakujitetea. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Msimamizi alipoondoka, mzee akanijia. Tulikuwa tukiongea Kiarabu chetu cha kuokotaokota.

"Binti, ugonjwa hauvunji jani hivi. Huyu ni mtu anayejua kuchuma."

Nikakosa pa kuweka uso.

"Maji tunayomwagilia hapa si ya mboga za kula. Ni maji ya vyoo, wameyasafisha. Tumbo liko salama?"

"Salama, mzee."

"Alhamdulillahi. Sasa sikia. Maua haya niliwapandia watu wote. Kila anayeingia hapa ana fungu lake la kuangalia. Wewe umekula mafungu ya wenzako."

Akachukua mpira wake akaendelea kumwagilia. Hayo ya vyoo yalinishtua, sikufichi, lakini ya mafungu ndiyo yaliyoniuma. Nikawafikiria wale wanaume niliowarudisha getini.

Niliogopa kufukuzwa na kurudishwa nyumbani mikono mitupu. Hata hivyo nilikwenda ofisini kwa msimamizi.

"Si mzee, bwana. Ni mimi. Nimeyala."

"Umekula nini?"

"Maua."

"Na nini?"

"Na ugali."

Yule mtu mkali alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akawaita wenzake nikarudia. Kisha akakaza uso. Likizo ya mzee akairudisha, na mimi nikapewa Ijumaa nne za kupanda duara lote upya chini ya Mzee Harun.

Ijumaa hizo zilikuwa tamu kuliko mboga yenyewe. Nakato alikuja kunicheka, akaishia kushika jembe. Mzee alisafiri, akarudi na bangili za kioo na pipi za harusi, na picha za kutuchosha mwaka mwingine mzima.

Mwanangu, kitu cha wote usikidhanie hakina mwenyewe. Wenyewe wapo, ni wengi, na wengine bado wako nje ya geti. Na ukikosea, sema kabla mwingine hajakulipia. Ningenyamaza siku ile, yule binti angeolewa bila baba yake, nami ningebaki na kazi yangu na shibe yangu.

Haya, nenda salama. Mungu akupe bosi anayejua kucheka, akupe watu wa kukuonya bila kukuaibisha, na siku utakapokosea, akupe mdomo mwepesi wa kusema, "Ni mimi."