Vidole Vyangu Vilipokwenda Matangani

Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nikikosea kuandika mnisamehe. Vidole ndivyo vilivyosoma, kwenye enzenze. Hiyo ni fimbo ya nyuzi yenye kibuyu, na kibuyu unakikandamiza kifuani. Ya kwangu niliachiwa na baba, ingawa kaka yangu anasema niliiba. Hayo tuyaache.

Mwaka jana tulirekodi albamu hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, watu wanne, nyuzi tupu, ngoma hakuna. Mimi, wapiga gitaa wawili wa kabila la Watoro waliozeekea kwenye bendi za baa, na mama mmoja mkimbizi wa Butembo, mpiga fidla, aliyefundishwa na mapadri. Mwenye studio alisema tunapiga jazi. Sisi tulijua tu kwamba mmoja anaanza, wengine wanamfuata, na hakuna anayejua tutatokea wapi.

Siku ya mwisho yule mama alikuja macho mekundu. Mdogo wake wa kiume alikuwa ametoka Beni siku tatu nyuma, analeta maharage Mpondwe, upande wetu wa mpaka, na simu yake haipatikani. Barabara ile mnaijua, waasi wanaua watu humo. Tulimwambia arudi nyumbani, akakataa.

Tukaingia kwenye chumba cha magodoro ukutani, simu zote zikazimwa. Nikaanza mimi. Magitaa yakaingia, fidla ikapanda juu yetu, tukaenda vizuri mno. Halafu fidla ikanyamaza. Nikasikiliza vidole vyangu viko wapi. Vilikuwa vinapiga wimbo wa matanga.

Watoro wangu hawakujua kitu. Lakini Wakonzo kama mimi na Wanande kama yule mama ni damu moja, tunalia misiba yetu kwa nyuzi zilezile. Na wimbo ule kwetu ukiuanza huukati, maana ukiukata umemwacha marehemu mlangoni, na ukiumaliza umemzika. Sasa marehemu ni nani?

Mama akaweka fidla mapajani, akawasha simu.

"Papa, nani amekuambia?"

"Hakuna mutu, binti yangu. Ni vidole tu."

"Usikate," akasema. "Na usimalize."

Basi nikazunguka. Kila nikikaribia mwisho nachepuka, natafuta kanjia kapya, magitaa yananifuata kama vipofu. Yeye anapiga simu, haipatikani. Anapiga tena. Jasho linanitiririka mpaka kwenye kibuyu. Sijawahi kupiga vizuri vile maisha yangu yote, na aibu yangu ni kwamba nililijua hilo palepale, naye anamtafuta ndugu yake mbele yangu.

Mara ya nne mdogo wake akaitika. Yuko Kasindi, ng'ambo tu ya mpaka, lori liliharibika, simu iliisha moto, ndiyo kwanza ameichaji, na kwa nini dada anamlilia sikioni? Mama akamwambia anyamaze. Akachukua fidla, akaunyakua wimbo mikononi mwangu, akaupeleka kwenye dansi ya harusi, tukaishia huko.

Mwenye studio alifurahi sana, akasema huo ndio wimbo wa kwanza kwenye albamu. Mama akasema ufutwe, ndugu yake hatauzwa sokoni akiwa kwenye matanga. Wote wakanitazama mimi. Niliutamani wimbo ule kuliko inavyompasa mzee.

"Futa," nikasema. Mwenye studio akaniuliza mara mbili.

Albamu ina nyimbo saba. Watu wa kwetu Nyakiyumbu wananisifu kwa ule wa tatu, nami nawaambia asante, lakini pale sikupiga kitu, ukiulinganisha na ule uliofutwa.