Ng'ombe wa Kwanza wa Phelis

Mkataba wake na chama cha wafugaji ulipoisha, Phelis Apiyo aliamua kujitegemea. Alikuwa na cheti cha kupandisha ng'ombe kwa mrija, glavu ndefu za kufika begani, na mtungi wa naitrojeni ya baridi kali wa kuhifadhia mbegu za madume. Akabandika karatasi zenye nambari yake ya simu pale Sosiot, kwenye duka la dawa za mifugo na kwenye kituo cha maziwa.

Siku kumi na moja hakuna aliyepiga. Naitrojeni hupungua hata mtungi usipofunguliwa, na ikiisha mbegu zote zinakufa. Kila asubuhi alichovya kijiti ndani aone imebaki kiasi gani. Hakupenda alichokiona.

Siku ya kumi na mbili akapigiwa na Rebeccah, mkulima mwenye shamba la majani chai na ng'ombe watatu.

"Daktari, ng'ombe yangu inataka dume. Inalia tangu asubuhi." Huku hata mpandishaji huitwa daktari.

Phelis alifika alasiri, mtungi umefungwa nyuma ya pikipiki. Rebeccah alimweleza kwamba mpandishaji mwingine alikuwa amempandisha ng'ombe huyo miezi miwili na nusu iliyopita, na inaonekana hakushika mimba. Phelis akavaa glavu, akaingiza mkono ampime kwanza. Kisha akarudia kupima. Mlango wa kizazi ulikuwa umefunga, na upande mmoja wa kizazi ulikuwa umejaa kuliko mwingine.

"Mama, nadhani huyu ana mimba."

"Mimba gani, na analia hivi?"

"Wengine hulia hata wakiwa na mimba. Nikimpandisha leo naweza kuiharibu."

"Unadhani ama unajua?"

Chuoni, mwalimu alikuwa akisimama kando yake kila alipopima. Hapa alikuwa peke yake.

"Nadhani," alisema. "Lakini sitampandisha. Mwite daktari wa mifugo ampime baada ya wiki tatu."

Rebeccah akafungua kamba ya ng'ombe. "Yule mwingine angefanya kazi akaenda," alisema, akaingia nyumbani.

Wiki hizo tatu Phelis hakulala vizuri. Kama alikosea, mama wa watu alikuwa amepoteza muda na maziwa, na habari ingeenea kituoni kabla mikebe haijajaa. Watu wawili walipiga simu wakauliza maswali, kisha hawakupiga tena. Alijiuliza walikuwa wameambiwa nini. Akaanza kupita njia ya nyuma ili asionane na wanaopeleka maziwa.

Jina la Rebeccah lilipotokea kwenye simu, aliiacha ilie mara tatu kabla ya kushika.

"Daktari wa mifugo alikuja jana," Rebeccah alisema. "Iko na mimba."

"Asante, mama," Phelis alisema.

"Ile jioni ulienda nilimpigia yule mwingine," Rebeccah aliendelea kwa sauti ya chini. "Hakushika simu. Nashukuru Mungu hakushika. Jirani yangu Edinah ako na mtamba, ameanza kulia leo asubuhi. Unakuja saa hii?"

"Nitakuja jioni, mama. Akianza kulia asubuhi, akipandishwa jioni ndiyo hushika mimba vizuri."

"Sawa. Wewe ndiye unajua."

Jioni hiyo alimpandisha mtamba wa Edinah. Kisha akaandika tarehe, na kuanzia kesho yake akawa anahesabu: siku ishirini na moja, aone kama mtamba atalia tena au ameshika mimba.