Nafasi Moja Darajani

Kwa miaka kumi na saba karani huyu wa masjala ya hospitali amekuwa akifunga mafaili ya wagonjwa waliojiandikisha mara mbili. Anajua dalili zake kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe: ukoo mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, anwani moja. Faili la kwanza hubaki, la pili hugongwa muhuri mwekundu na kupelekwa chumba cha nyuma. Wenzake humwita Jicho, naye hakatai.

Mwezi huo Jicho hakutulia. Barua pepe ilikuwa wazi siku nzima pembeni ya orodha ya wagonjwa, na kila baada ya dakika chache aliichungulia. Mama mtu mzima wa meza ya pili, anayeitwa na wote Shangazi, alidhani ni mchumba. Alipoambiwa ni mchezo wa kompyuta, wenye mazimwi na wachawi na maelfu ya watu wanaocheza pamoja kila mtu akiwa kwake, alivua miwani.

"Una miaka arobaini na mmoja, mwanangu."

"Najua, Shangazi. Nimeijaza kwenye fomu."

Yaliyobaki hakumweleza. Jicho ana pacha wake wa kiume, dereva wa lori la masafa marefu. Ujanani walishinda kwenye kafe ya intaneti wakicheza mchezo wa zamani wa kampuni hiyohiyo. Kaka alikwenda mbele na ngao, kwa jina la Kichwangumu. Dada alifuata nyuma na chupa za dawa, akiitwa Mama Dawa, akimponya kila alipopigwa na kumsema papo hapo kwa uzembe wake. Wakipotezana, walikutana kwenye daraja la mawe. Mchezo ule ulizimwa wachezaji walipopungua.

Kisha mama yao akafariki. Kaka alikuwa njiani, mwendo wa siku mbili, na mzigo mzito kwenye barabara mbovu. Jicho aliogopa kwamba akipata habari atalikimbiza lori na kujiua, akanyamaza mpaka kaka aliposimama kupumzika. Kaka alifika kaburi limeshafukiwa, udongo bado mbichi. Hakugomba. Aliuliza tu nani aliamua, akajibiwa, akaondoka. Miaka minne hakupokea simu ya dada yake.

Kampuni ilipotangaza mchezo mpya na siku za kuujaribu, picha ya kwanza ilikuwa ya daraja lilelile. Jicho alimtumia kaka yake picha hiyo bila neno. Jibu lilikuja siku ya tatu: "Nimeona. Siku hizo lori litakuwa gereji. Niandikishe, mimi sina muda wa fomu. Tukutane darajani."

Hata neno "dada" halikuwamo. Aliusoma ujumbe huo mpaka ukamkaa kichwani kama namba ya simu.

Beta, yaani toleo la majaribio, ingefunguliwa kwa siku tatu tu, kwa watu wachache watakaochaguliwa. Usajili ulipoanza, Jicho aliomba ruhusa ya nusu siku, akaenda nyumbani, akaoga, akaketi mbele ya kompyuta kama mtu aliyeitwa kwenye usaili. Alianza na ombi la kaka yake, kwa kuwa alimtangulia kuzaliwa kwa dakika ishirini, na tangu utotoni maji ya kuoga na sare mpya vilianzia kwake. Ukoo, tarehe ya kuzaliwa, anwani. Kaka hana makazi zaidi ya kitanda cha nyuma ya usukani, kwa hiyo aliandika anwani ya kwake. Kisha akajaza la pili, lake mwenyewe. Alikagua kila mstari mara mbili. Hakuona kosa.

Wiki tano alisubiri. Alinunua kipanya kipya na kukijaribu kwenye meza tupu. Aliamua kwamba habari ya mazishi hataianza yeye. Angemponya kwanza, amseme kidogo, kisha wangoje waone.

Barua zilikuja Ijumaa asubuhi, saa chache kabla ya beta kufunguliwa, zote mbili kwa pamoja. Ya kaka ilikuwa na msimbo wa kuingilia. Yake ilikuwa fupi: "Tumebaini kwamba maombi haya mawili ni ya mtu mmoja. Ombi la pili limefungwa."

Shangazi alimwona ameshika muhuri hewani, akamuuliza kama amepata au amekosa.

"Nimefungwa faili," alisema Jicho.

Shangazi alicheka, kisha akamtazama vizuri, akaacha.

Aliiandikia kampuni kwamba wao ni mapacha, watu wawili kamili, na cheti cha kuzaliwa anacho. Mashine ilimjibu kwamba uteuzi umekwisha. Msimbo aliumiliki yeye, na kwa dakika chache aliwaza kuutumia. Lakini angefanya nini darajani peke yake? Aliutuma kwa kaka, pamoja na maelezo yote.

Kaka akajibu: "Hata siku ile ulikuwa na sababu."

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika.

Jumamosi alasiri Jicho alifungua matangazo ya mchezaji mmoja aliyekuwa akiwaonyesha watu mchezo huo moja kwa moja, akatazama saa tatu za mazimwi yasiyomhusu. Hatimaye yule mchezaji akafika kwenye daraja la mawe. Katikati yake alisimama mtu mwenye ngao, ameiweka chini, jina Kichwangumu likielea juu ya kichwa chake. Wengine walimpita huku na huku.

"Huyu ameganda," alisema mtangazaji. "Mtandao wake umekufa."

Jicho aliandika kwenye maoni: Mwambieni nipo. Maoni mengine mia yalimwagika juu yake, na mtangazaji akaendelea na safari yake. Yule mchezaji aliporudi hapo baada ya dakika arobaini, darajani hapakuwa na mtu.

Jumapili jioni beta ilifungwa. Jumatatu, kabla ya kufungua dirisha la masjala, Jicho alimwandikia kaka yake: "Nilikuona."

Alama zikaonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Alisubiri kidogo. Foleni ilikuwa imeshafika mlangoni, akaiweka simu kwenye droo, akamwomba mtu wa kwanza jina na tarehe ya kuzaliwa.