Sikio Lililopasuka

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Msimamizi wa Utafiti alinipa koleo na daftari, akaniambia nisije nikamfundisha kazi yake. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na chumba Kibera, upande wa Ayany, na msitu tuliofanyia kazi ulikuwa mwendo wa miguu kutoka mlangoni kwangu. Nikanyamaza. Kunyamaza huko nilikuzoea, na hadi leo kunanichemsha damu.

Kazi ilikuwa kuhesabu paa wa msitu huo. Tulitega nyavu, tukamshika paa, tukambania sikioni kwa koleo hereni ya chuma yenye namba, tukamwachilia. Baadaye tulitega tena. Wenye hereni wakiwa nusu ya tuliowashika, basi paa wote wa msituni ni kama mara mbili ya wale tuliowatia hereni. Hesabu ni hiyo, mradi hereni isitoke.

Zilitoka. Hereni ilinasa kwenye miiba, ikapasua sikio, ikabaki huko. Mwenzangu Mutua, Mkamba wa Kawangware, ndiye aliyekuwa akimshika paa nami nikiandika.

"Odhiambo, andika huyu tulishamshika. Si uone sikio!"

"Namba yake?"

"Namba imebaki kwa miiba. Ama unataka paa akuonyeshe kitambulisho?"

Nilicheka, kisha nikaandika neno alilolitaka Msimamizi: mpya. "Hana hereni, hana namba," alikuwa akituambia. "Hana namba, ni mpya." Miaka mitatu niliandika mpya.

Kisha tukapelekwa sote watatu kwa mafunzo ya juu ya takwimu, wiki mbili nzima. Msimamizi alikuwa ameniahidi cheo cha msaidizi wake tukirudi. Mkufunzi alikuwa mama mpole tuliyemwita Daktari. Siku tatu sikuambulia kitu. Siku ya nne akasema kila hesabu ya namna hii husimama juu ya dhana, yaani jambo unalolichukua kuwa kweli kabla hujaanza kuhesabu, na dhana yetu ni kwamba alama haipotei. Ikipotea, paa mmoja anahesabiwa kama wawili, na karatasi inajaa wanyama wasiokuwepo. Dawa yake ni hereni mbili, moja kila sikio, ili ujue zinapotea kwa kiasi gani. Hapo nikaelewa kila kitu.

"Kwenu alama zinapotea?" Daktari akauliza.

"Sana," Mutua akajibu. "Masikio yanapasuka. Muulize Odhiambo, yeye ndiye huandika."

Msimamizi akageuka kunitazama. Ripoti yake ilikuwa imeshafika kwa wakubwa, ikisema paa ni wengi na kipande cha msitu kinaweza kukatwa.

"Mimi sijawahi kuona," nikasema.

Tuliporudi Mutua alifukuzwa kwa kumwaibisha mkubwa mbele ya watu, nami nikawa msaidizi. Kipande kile cha msitu kikakatwa. Nyavu zikaanza kurudi tupu, na Msimamizi akapandishwa cheo akahama kabla mtu hajamuuliza lolote. Sijamsamehe na sina mpango. Lakini yeye alikuwa akisoma daftari tu. Masikio niliyaona mimi.

Vijana wa kazi hii huniambia siku hizi kompyuta inarekebisha alama zilizopotea. Inarekebisha zilizoandikwa! Mwandishi mwoga haimrekebishi, na msijidanganye kwamba mimi nilikuwa wa mwisho.

Nilipostaafu nilikwenda Kawangware kumtafuta Mutua. Nilimkuta kwenye kibanda chake akishona viatu, mteja mmoja ameketi akisubiri.

"Mutua," nikasema, "ni mimi. Nimekuja kusema niliona."

Mteja akatutazama, akamgeukia Mutua. "Mzee, mnajuana na huyu?"

Mutua alinipima kuanzia viatu hadi usoni, akavuta uzi.

"Hapana," akasema. "Huyu ni mpya."