Kompyuta Iliyonishtaki

Hakuna kitu kilichowahi kunichoma roho kama kushtakiwa na kompyuta. Binadamu akikusingizia unaweza kumkodolea macho mpaka aone haya. Kompyuta haina haya. Inaandika uongo wake kwenye kioo, kisha inakungoja.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, baada ya mafuriko makubwa. Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, alikuwa na duka Garsen, na nyumba yake iliungana na duka kwa mlango wa katikati. Alinunua kompyuta kuukuu kwenye mradi mmoja uliokuwa ukifunga virago, akaiweka sebuleni, mama mdogo akaitandikia kitambaa cha kufuma kama redio. Mimi nilikuwa nimemaliza kusomea uchapaji Mombasa. "Niachie huyu binti," baba mdogo alimwambia mama yangu, kule Idsowe. "Atakaa na mashine, watu watachapisha barua zao hapa." Nilifurahi mno. Kilichokuwa kikinisubiri Idsowe nilikijua: mpunga, na kuamia ndege kutwa nzima kwa kelele na kombeo.

Umeme wetu ulitoka kwa jenereta ndogo nyuma ya duka. Iliendesha taa, kompyuta, na friza ya mama mdogo, ambamo kila asubuhi alitia maziwa yaliyoletwa na akina mama wa Kiorma, yapoe kabla ya kupakiwa basi la Malindi.

Mwanzo mashine ilifanya kazi vizuri. Kisha ikaanza visa. Asubuhi naiwasha, inanguruma, ile picha yake ya mawingu ya kuanzia inatokea kwenye kioo, halafu pu! Giza. Naiwasha tena, na safari hii inaleta maandishi ya Kiingereza: kompyuta hii haikuzimwa ipasavyo. Inaanza kujikagua polepole, na kabla haijamaliza, pu!

Baba mdogo aliyasoma maandishi yale huku kidole kikifuata neno kwa neno. "Hata yenyewe imesema. Wee unaizima vibaya."

"Baba, sikuizima. Imejizima."

"Mashine iko na mikono?"

Nilifanya kila nililofundishwa. Nilichomoa nyaya nikazirudisha. Nilitoa disketi. Nilifungua kasha nikapangusa vumbi na kuokota wadudu waliokauka, maana kwetu taa ya jioni haiwashwi bila wadudu wa mtoni kuja kuamkia. Alasiri iliwaka, nikachapa barua, nikasema imepona. Kesho yake asubuhi ikarudia yale yale. Nilikuwa naitukana kimoyomoyo matusi ambayo mama angenichapa kwayo.

Akaitwa fundi kutoka Malindi. Alishuka basi na miwani yake ya jua, akala kuku wa mama mdogo mpaka akalamba vidole, ndipo akaja kukalia kiti changu. Hakufungua hata skrubu. Aliwasha, ikazimika, akawasha tena, akasoma.

"Nani hutumia hii?"

Baba mdogo alininyooshea kidole.

"Basi mzee, mashine haina neno. Shida ni huyo."

Wakacheka wote wawili, nami nimesimama pale pale kama kiti. Nilimchukia fundi yule, na mpaka leo sijamsamehe. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema baba mdogo akinitazama, na jioni hiyo hiyo akapeleka habari Idsowe kwamba mama aje anichukue.

Mama alikuja amejitanda leso yake nzuri, na kikapu cha mchele mpya. Hakuuliza kilichotokea. Aliketi, akainamisha kichwa, akasema, "Shemeji, mtoto amekosa. Tusamehe. Ni mimi sikumfunza." Mama hakuwahi kuigusa kompyuta maishani mwake, na alikuwa akiiombea radhi! Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Baba mdogo aliitikia kwa kichwa, kama anayepokea haki yake. Mchele pia aliupokea.

Tungeondoka asubuhi. Kulipokucha, mama mmoja mwuza maziwa alifika mikono mitupu. "Leo maziwa hapana," alimwambia mama mdogo. "Mvua nyesha huko, ng'ombe yote nakwenda." Mama mdogo akaona bora azime friza aioshe. Mimi nilikuwa nafunga nguo zangu, nikakumbuka kazi zangu zimo kwenye mashine. Nikaiwasha nizinakili kwenye disketi, mkono ukingoja giza lile.

Giza halikuja. Mawingu yalipita, ikawaka mpaka mwisho. Nikasikia ukimya wa upande wa pili. Friza haingurumi. Taa juu yangu haikonyezi, na kila asubuhi ilikuwa ikikonyeza, sikuijali. Maziwa ya moto kutoka kwa ng'ombe yalikuwa yakiiamsha friza ifanye kazi kwa nguvu, inabugia umeme, na kompyuta inakosa.

"Baba," niliita, "njoo uwashe friza."

"Ya nini?"

"Iwashe tu."

Mama alikuwa mlangoni na kikapu chake. Baba mdogo akabonyeza swichi. Friza ikanguruma, taa ikafifia, kompyuta pu! Nikaiwasha. Maandishi yakaja.

"Soma, baba."

Hakusoma.

"Imesema haikuzimwa ipasavyo. Nani ameizima?"

Mkono wake ulikuwa bado kwenye swichi.

"Mwanangu, adabu," mama alininong'oneza.

Baba mdogo alikohoa. "Basi itawashwa mchana, maziwa yakishaondoka," akasema, akaingia dukani. Sikurudi Idsowe. Kwa wateja alisimulia jinsi alivyoigundua shida mwenyewe, fundi wa Malindi akiwa ameshindwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini pale hata haki ya kusema "ni huyu binti" niliikosa.

Hiyo niliimeza. Isiyomezeka ni ya mama. Kabla ya kuondoka alisimama mbele ya meza ya duka, kikapu kitupu mkononi, akangoja. Nilijua anangoja nini. Baba mdogo alikuwa akimpimia mtu sukari.

"Haya shemeji, safari njema," alisema bila kuinua macho.

Mama akaitikia, akajifunga leso vizuri, akaenda zake, na ile samahani aliyoiomba kwa kosa lisilo letu hakuna aliyemrudishia.